Nyota Iliyochelewa Kusema

Hapana, watoto wangu, hatukuvaa visikilizio masikioni. Nalijibu hili kwanza kwa sababu kila kijana wa Rubavu akisikia kwamba yule mama mwenye mvi anayekaa njia ya Nyamyumba alifanya kazi ya kusikiliza nyota kwa redio, huja kuniuliza swali hilohilo, tena ameshika masikio yake mawili kunionyesha. Redio ya kazi yetu haina sauti. Haipigi muziki wala haitangazi vifo. Inapokea mawimbi kutoka angani, inayageuza kuwa tarakimu, nasi tunakaa mbele ya kompyuta tukizichambua kama mtu anayechambua mchele wa bei ya chini. Mawe ni mengi kuliko mchele.

Wala hatukukesha kama mnavyodhani. Mawimbi ya redio hayajali jua limetoka au limezama. Nyota zangu nyingi nilizitazama saa nne asubuhi, kikombe cha chai mkononi, nje jua linawaka mpaka mawe yanalalamika.

Kituo chetu kilikuwa Afrika Kusini, katika nchi kavu ya kondoo na vumbi ambako mtu anaweza kuendesha gari nusu siku bila kuona mti wa kukaa chini yake. Antena zilisimama uwandani kama masinia makubwa yaliyoanikwa, moja hapa, nyingine kule mbali, zote zikitazama mahali pamoja. Nilikwenda kwa mafunzo mafupi, nikazeekea huko. Mtu aliyelelewa kati ya Gisenyi na Goma, aliyezoea ziwa upande mmoja na mlima unaotoa moshi upande wa pili, akipelekwa mahali pasipo na maji wala mlima, mwanzoni analia. Mimi nililia. Halafu nikapenda. Sasa niko hapa mbele ya ziwa langu, na ninalikumbuka lile vumbi mpaka koo linakauka. Binadamu hatosheki.

Niwaambie sasa tulichokuwa tunatafuta, maana wengi wenu mmesikia nusunusu.

Katikati ya galaksi kubwa karibu zote limo shimo jeusi, zito kupita akili. Nyota ikikosea njia ikapita karibu nalo mno, upande wake wa karibu unavutwa kwa nguvu kuliko upande wa mbali. Inanyooka, inanyooka, mwisho inakatika, kama ugali wa muhogo unaogombaniwa na watoto wawili. Sehemu ya gesi yake inazunguka na kuangukia shimoni, na hapo galaksi inang'aa ghafla. Wenzetu wa darubini za mwanga wanaiona, wanapiga mbiu. Lakini si yote inayoliwa. Nyingine inatupwa nje kwa kasi ya ajabu, inagonga gesi iliyokuwa imejikalia kimya pale jirani, na mgongano huo ndio unaotoa mawimbi ya redio. Mwanga unakuonyesha kinacholiwa. Redio inakuonyesha kinachotemwa. Sisi tulikuwa watu wa kutazama kinachotemwa, na hiyo kazi haina wagombea wengi kwa sababu mara nyingi unatazama, unatazama, na hakuna kitu.

Aliyenifundisha ni Bi Nolwazi, mkuu wa zamu zetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya. Kwake simu iliyowashwa karibu na antena ilikuwa dhambi kubwa kuliko uzinzi. Magari ya kituoni yalikuwa ya dizeli tu, kwa sababu injini ya petroli hutoa cheche, na cheche ndogo hapa duniani inapiga kelele kuliko galaksi nzima kule mbali. Mwaka mmoja tulipata uchafu kwenye data kila baada ya mvua, na mvua kule ni jambo la kusimuliwa. Vijana walichora michoro, wakajadiliana juu ya mawingu. Bi Nolwazi alitoka nje, akarudi, akanipa panga. Majani mabichi yalikuwa yameota mpaka kugusa waya wa umeme wa kuzuia kondoo, yakitoa cheche. Nina shahada mbili, na siku hiyo mchango wangu katika sayansi ya mashimo meusi ulikuwa kufyeka nyasi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kurudi kwenye kipimo. Ukitazama kitu hafifu, kila baada ya dakika chache unageuza antena zote kwenda kwenye kitu kingine kinachong'aa, ambacho unakifahamu vizuri na unajua mahali pake hasa. Unahakikisha mashine bado inasema kweli, ndipo unarudi kwenye kile hafifu. Vijana huona ni kupoteza muda. Si kupoteza muda. Mtu asiyerudi kwenye kitu anachokijua ataamini chochote.

Na alinifundisha jambo jingine, ambalo ndilo lililoniletea haya ninayowasimulia: usiweke nyota yako katikati ya picha. Isogeze pembeni kidogo. Mtaniuliza kwa nini, wakati kila mpiga picha huweka bwana harusi katikati. Ngojeni.

Mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa Petite Barrière, lile lango dogo la mpakani kati ya Gisenyi na Goma. Alinunua karoti na kabichi Kanzenze, alfajiri akajitwika beseni, akapanga foleni na wenzake, wakavuka kwenda kuuza Goma na kurudi jioni. Jumapili hakuvuka. Jumapili ilikuwa ya Mungu na ya simu yangu. Nilipompigia kumwambia kwamba nimepewa nyota yangu mwenyewe ya kufuatilia, alitaka kuelewa kwanza.

"Ilikatika kabisa?"

"Kabisa, mama. Shimo liliikata."

"Disi! Na sasa haiko. Njo munatafuta nini tena?"

"Ile gesi iliyotupwa inje. Ikigonga ingine, itatoa mawimbi. Tutaisikia."

"Donc ilishakufa, lakini itasema."

"Tuseme hivyo, mama."

"Bon. Siku itasema, uniambie wa kwanza."

Tangu hapo, kila Jumapili, kabla ya salamu, kabla ya kuuliza mvua: "Nyota yetu ilishasema?" Nami nikijibu: bado. Tulikuwa tumeitazama mwezi wa kwanza baada ya mbiu, hakuna. Miezi iliyofuata, hakuna. Mama hakukata tamaa hata kidogo. Aliwasimulia wenzake wote wa foleni. Nilipokuja likizo nikamsindikiza mpakani, wanawake nisiowajua walinishika mkono na kuniuliza kama ile nyota ya Mama Klementina, maana Klementina ni mimi, bado iko kimya, na mmoja wao, Mama Zawadi, mwuza samaki wadogo wa sambaza, jitu la kicheko, aliniambia wameitia kwenye maombi ya kikundi cha Ijumaa.

"Tunaombea batu, tunaombea mbuzi," alisema. "Nyota njo nini?"

Sasa turudi kwenye bwana harusi. Siku moja Bi Nolwazi alikuwa likizo, na zamu ilikuwa ya Sipho, kijana mpya mwenye kupenda vitu vinyooke. Hata kalamu zake alizipanga kwa urefu. Sipho akaona nyota yangu imewekwa upande upande kwenye picha, akaona ni uzembe, akainyoosha. Akaiweka katikati barabara.

Picha ilipotoka, tuliona nukta. Nukta safi, kali, katikati kabisa, pale hasa ilipotakiwa galaksi yangu kuwa. Tulipiga kelele. Sipho alimkumbatia mpishi. Mimi nilitoka mbio kwenda kwenye nyumba ya simu, ile yenye kuta za chuma za kuzuia mawimbi ya simu yasitoke, kwa sababu ilikuwa Jumapili.

"Mama, imesema!"

Alipiga impundu, vigelegele vya kwetu, mpaka simu ikakwaruza. Nikasikia majirani wanaingia, nikamsikia akiwaambia kwa Kinyarwanda, halafu kwa Kiswahili kwa wale wa Goma waliokuwa wamekuja kumtembelea, na kila mtu akapiga za kwake.

Jumatatu Bi Nolwazi akarudi. Hakupongeza. Aliuliza: "Iko wapi kwenye picha?"

"Katikati," alisema Sipho.

"Katikati karibukaribu, au katikati kabisa?"

"Kabisa, Bi."

Akajishika kichwa. Akaagiza antena zigeuzwe kwenye kipande cha anga kisicho na kitu, kama uwanja wa mpira siku ya mvua. Picha ikatoka. Nukta, katikati kabisa. Mashine ina kasoro ndogo inayojilimbikiza mahali pamoja tu, pale katikati ya picha, na ukiiweka nyota yako hapo, utaisikia mashine ukidhani ni mbingu. Ndiyo maana mtu wa kazi hii husogeza kitu chake pembeni. Kumbukeni hilo hata mkisahau mengine yote niliyowaambia.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mama ukweli.

"Mama, haikusema. Ilikuwa mashine yetu."

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Nilishabaambia batu bote."

"Utawaambia tulikosea. Kazi yetu ndivyo ilivyo."

"Bon," alisema. "Haina neno." Kisha akaniuliza kama kule bado kuna baridi.

Tangu siku ile hakuniuliza tena. Jumapili moja ikapita, nikadhani amesahau. Nyingine ikapita. Badala ya nyota, aliniuliza nimekula nini, nimelala vipi, kikohozi kimepona, sweta ile ninaivaa au nimeitupa. Maswali mengi, moja baada ya jingine, na kila jibu analirudia polepole. Nilidhani nimemtia aibu mbele ya wenzake, naye kwa wema wake ameamua kulizika jambo. Niliumia. Lile swali lilikuwa limenichosha kwa muda mrefu, na lilipoondoka niliona chumba kimekuwa kikubwa.

Kazini nako nyota ilikuwa inazikwa. Mnajua, muda wa antena unaombwa, na wanaogawa walikuwa na imani moja, ambayo wengi wetu tuliimeza: nyota iliyoraruliwa isiyotoa redio katika miezi ya kwanza haitatoa tena. Kwa hiyo jina lake linafutwa, antena wanapewa wengine. Bi Nolwazi hakukubaliana nao. Hakuwa na ushahidi, alikuwa na ukaidi tu, na katika kazi yetu ukaidi nao una matumizi yake. Akawa anaomba vipande. Upepo ukivuma sana, antena zote huelekezwa juu ili zisivunjike. Upepo ukitulia ghafla, na mwenye zamu hajajiandaa, pana muda usio na mwenyewe. "Nipeni huo," alikuwa akisema. Tukazitazama tena nyota zetu zilizofutwa, moja moja, kama mtu anayepita kwenye nyumba za jamaa waliohama kuona kama kuna moshi. Yangu: kimya. Mwaka mwingine: kimya.

Mama alifariki katikati ya kimya hicho. Presha, wakasema. Nilifika siku ya maziko. Foleni nzima ya Petite Barrière ilikuwepo, ya huku na ya kule, wamevaa vitenge vya kufanana, na Mama Zawadi alilia kwa sauti kubwa kama anavyocheka. Wengi walinishika mikono, wakaniambia pole, ihangane, hakuna aliyetaja nyota. Nikashukuru. Nikarudi kazini kabla udongo haujakauka, maana ruhusa ilikuwa fupi.

Ilisema baada ya hapo.

Upepo ulikuwa umetulia asubuhi, tukapewa kipande chetu. Picha ilipotoka nilitazama katikati kwanza, kwa mazoea ya mtu aliyeumwa na nyoka. Katikati palikuwa peupe. Nukta ilikuwa pembeni, pale hasa tulipoiweka galaksi. Hakuna aliyepiga kelele. Sipho, ambaye wakati huo alishakuwa mtu mzima mwenye kitambi, aligeuza antena kwenye kipimo, kisha kwenye anga tupu, kisha kwenye nyota tena. Siku nyingine tukarudia kwa mawimbi mafupi, halafu marefu. Ilikuwepo kote. Kitu kilichokuwa kimeraruliwa miaka mingi nyuma kilikuwa kinapanuka, kinasukuma, kinagonga. Bi Nolwazi alikaa chini, akavua miwani. "Nilijua," alisema, halafu akacheka, kwa sababu sote tulifahamu kwamba hakujua.

Jumapili nikaingia nyumba ya simu. Nikatafuta jina la mama, nikalipata, sikuwa nimelifuta. Nilisimama pale nimeshika simu. Nilikuwa na habari moja tu maishani iliyostahili kumfikia wa kwanza, na ilichelewa. Nililia kama siku niliyofika.

Nyota yangu iliendelea kupanda mwaka baada ya mwaka. Namna ya kuipima ni hii: unaitazama kwa mawimbi mafupi na marefu, unatafuta ni wapi ina nguvu zaidi. Wingu linavyozidi kupanuka, mahali hapo husogea kuelekea mawimbi marefu. Kutoka hapo unapata ukubwa wake, na ukipata ukubwa mara mbili kwa nyakati mbili, unapata mwendo. Nukta haikui machoni pako hata siku moja, lakini unajua inakimbia. Kwa nini ilichelewa? Wengine wanasema gesi ilitoka baadaye, shimo lilikaa na chakula tumboni kwanza. Wengine wanasema ilitoka mapema, ila kama mshale mwembamba uliotupa kisogo, mpaka ulipopungua kasi na kutanuka ndipo tukauona. Waliogombania hilo ukumbini waliacha kusalimiana. Mimi nimestaafu bila jibu, na kama kuna kitu kinaniamsha nikiwa nimelala vizuri, ni hicho.

Nawaambia wazi: natamani kurudi. Natamani sauti ya antena zikigeuka kwa pamoja, ule mguno mrefu. Natamani hata chai mbaya ya kule. Nilipofungasha, Sipho aliniahidi kunitumia neno kila Jumapili, na hunitumia, maneno mawili matatu tu: bado inapanda. Nayasoma pale Nyamyumba, miguu yangu ikiwa ndani ya maji ya moto ya chemchemi, pamoja na wazee wengine wenye magoti ya kuuma, na hakuna wa kumwambia.

Ndipo nilipoona niende Petite Barrière. Nilisema moyoni, wale wanawake walidanganywa kwa sababu yangu, basi wapewe ukweli hata kama mwenyewe hayupo. Nikafika asubuhi, lango halijafunguliwa, foleni imejaa mabeseni. Mama Zawadi bado yuko, amepungua mwili, kicheko kilekile. Nikachuchumaa karibu na sambaza zake.

"Mama Zawadi, nilikuja kusema kitu. Ile nyota ya mama, mnaikumbuka? Ilisema. Lakini ilisema alipokuwa ameshafariki. Ile ya kwanza ilikuwa makosa."

Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba ziwa lina maji.

"Makosa gani? Ile nyota ilikuwa inasema kila siku ya Mungu."

"Hapana, mama. Ilikuwa kimya."

"We njo unajua, mi sikusoma," alisema. "Lakini lundi ikifika, Jumatatu asubuhi, hapahapa, tulikuwa tunamuuliza: Mama Klementina, nyota ilisema nini? Na anatuambia."

"Aliwaambia ilisema nini?"

"Bitu bidogo tu. Ilisema iko muzima. Ilisema ilikula ugali lakini ya kule haina ladha. Siku moja ilisema kuko baridi sana, inakohoa, na ile sweta haitaki kuvaa. Siye tukafunga kuombea ile kikohozi."

Wanawake wawili mbele yetu walikuwa wamegeuka wanasikiliza, wanatabasamu.

"Na mliamini?"

Mama Zawadi alicheka mpaka akashika beseni lisimwagike. "Yewe, Klementina! Siye batu bazima. Nyota inakohoaka?" Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Tulikuwa tunajua ni nani. Lakini alikuwa anapenda tumuulize. Ukimuuliza, uso yake inafunguka. Donc tulimuulizaka. Mpaka lundi ya mwisho."

Lango likafunguliwa. Foleni ikaanza kusogea, kila mmoja na kikaratasi chake cha kuvukia mkononi. Nilimsaidia kujitwika. Alipokwisha kuliweka sawa beseni kichwani, aligeuka taratibu, shingo imenyooka.

"Na ile ya kweli? Sasa inasema nini?"

Nilifungua mdomo nimweleze habari za gesi na mawimbi marefu.

"Iko muzima," nikasema. "Bado inapanda."

"Bon. Lundi upitie hapa. Tutakuuliza."

Leo ni Jumapili. Sipho ameshatuma. Kesho nitakuwa pale mapema, kabla hawajafungua.